Barua ya wazi: Tenganisheni daftari la uhai na daftari la ushuru

Kwa waheshimiwa mliopewa dhamana ya bahari, bandari, mipaka na boti ndogo hapa Mombasa,

Assalaam aleikum, na hamjambo kwa wale ambao salamu yao ni hiyo.

Mimi ni fundi wa mashine za boti, Mtongwe. Kabla ya kushika spana nilikuwa baharia, na kabla ya ubaharia nilikuwa mtoto wa kufua maji ngamani, yaani kuyachota na kuyamwaga nje ya chombo, kwa hiyo nitakayoyasema sikuyapata darasani. Sina chama, sina cheo, wala sigombei kiti.

Juzi kijana mmoja alinishushia mashine ya boti kutoka kwenye mkokoteni. Ilikuwa inawaka na kuzima. Nilipofungua kabureta nikakuta maji yamekaa chini ya petroli, yamejikusanya kama jicho, na chembe za mchanga ndani yake. Plagi moja ilikuwa nyeusi tititi. Nikageukia propela: pahali pa pini pamepachikwa msumari uliokatwa kwa msumeno. Asiyejua kazi hii ataona ni ujanja. Pini imetengenezwa ili ikatike. Propela ikigonga mwamba au gogo, pini inakwenda, unaweka nyingine, safari inaendelea. Msumari haukatiki, kinachokatika ni gia za ndani, na hizo hazibadilishwi katikati ya maji makuu.

"Itanifikisha, fundi?" akaniuliza.

Wapi? Akatazama mlango kwanza. "Wete," ng'ambo kule Pemba, Tanzania.

Nikamuuliza watakuwa wangapi. Tisa, na mzigo kidogo. Nani anajua kwamba mnaondoka? Hapo akacheka kweli kweli. "Fundi, tungetaka wajue si tungeondoka mchana!"

Waheshimiwa, barua hii nzima imezaliwa na jibu hilo.

Nakubali kwamba wimbi huua, mashine mbovu huua, na kupakia kupita kiasi kunaua kuliko vyote viwili. Lakini kwa niliyoyaona miaka yote hii, kinachomaliza watu wetu ni kwamba boti ikikwama, nchi kavu hakuna anayejua kuwa kuna boti. Hayupo wa kusema "wamechelewa". Na hilo msiisingizie bahari. Anayetakiwa kuandika jina langu ili nikipotea nitafutwe ndiye huyo huyo anayeliandika ili anikague, anitoze au anirudishe. Basi watu wamechagua kutoandikwa kabisa. Ninachowaomba ni hiki: daftari la uhai liwe mbali na daftari la ushuru. Likae mkono mwingine, nyumba nyingine, lisionane na lile.

Kwa wale ambao bahari wanaiona kupitia dirisha la ofisi, niwapigie hesabu. Kutoka hapa hadi Wete ni kama kilomita 110, yaani maili za bahari zipatazo 60. Kaskazi ikiwa imetulia, ukijaliwa, ni safari ya kula muhogo na kupiga soga. Kusi ni habari nyingine. Upepo unakujia usoni, na mkondo wa pwani yetu unakimbia kwenda kaskazini, miezi ya kipupwe hufika maili tatu kwa saa, pengine nne. Boti inayokwenda maili nane kwa saa kwenye maji yaliyolala, ukiipeleka kinyume cha mkondo wa maili tatu inabakiwa na tano. Safari ya saa saba na nusu imekuwa ya saa kumi na mbili. Petroli uliyoipima kwa madumu manne sasa inataka zaidi ya sita. Na kila dumu unaloongeza linaishusha boti, inakuwa nzito, inakunywa zaidi. Mabaharia wanaijua hesabu hii kwa mwili, ila hawaipigi kwa kalamu.

Sasa tuseme mashine imezima wakati wa magharibi, usawa wa kisiwa cha Kisite, karibu na Shimoni. Nanga haina kazi, maana mlango wa bahari wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Minara ya simu imeshapotea. Mkondo wa maili tatu kwa saa, kwa saa 24, ni maili 72. Magharibi ya kesho yake umeshapita usawa wa Kilifi. Magharibi ya siku ya pili uko karibu na usawa wa Lamu, ukiwa huna bahati uko mbali nje. Siku ya tatu unaanza kuingia maji ya Somalia. Kwa hiyo jamaa wakianza kuulizana siku ya tatu, "hivi hawajapiga simu tu?", wanaotafutwa wako pengine kabisa, na eneo la kuwatafuta limekuwa kubwa kama mkoa.

Haya nayajua kwa sababu yalinifika.

Mwezi wa saba 2007 tulikuwa watu sita, tunakwenda Pemba na boti ya mchuuzi mmoja. Mashine nilikuwa nimeifungua na kuifunga mimi mwenyewe, kwa hiyo lawama yake siikwepi. Mpira wa pampu ya maji ulikuwa umechakaa. Nilimwambia mwenye boti, akasema utafaa kwa safari moja, na mimi nikanyamaza. Baada ya Ramisi na Gazi kuwa nyuma yetu sana, mashine ikapanda joto, ikatoa harufu ya rangi kuungua, ikanoki. Tukawa na makasia mawili, turubai, na dumu moja la maji ya kunywa la lita kumi.

Usiku wa kwanza tulifua maji kwa zamu. Mchana tukasimamisha kasia, tukafunga turubai liwe tanga, lakini boti ya faiba haina mkuku wa maana, ilikuwa inakwenda upande kama kaa. Usiku wa pili kijana aliyekuwa na umri wa miaka 19 aliona taa. Akasema ni hoteli za ufuoni. Nikamwambia taa za ufuo hazitembei, zile zinatembea, ni meli. Hakunisikia, au alinisikia akaona mimi ndiye mzee wa mashine iliyonoki. Alichukua dumu tupu la petroli, akalikumbatia, akaruka. Tulimwita mpaka sauti zikakatika. Meli ikapita, juu kama jumba, haikupunguza hata kidogo. Sidhani walituona.

Asubuhi tuliokotwa na wavuvi wa jarife waliokuwa wanarudi upande wa Malindi. Tuliobaki watano.

Sasa sikilizeni la nchi kavu, maana hilo ndilo lililonifanya niandike. Mke wangu alijua usiku ule ule wa kwanza, kwa sababu nilimwahidi simu nikifika. Kulipokucha akaenda kwa mwenye boti. Bwana yule akamvuta ndani, akafunga mlango, akamwomba asiseme kitu. Boti ilikuwa haina leseni. "Ukienda kusema, watakamata boti, na mumeo akirudi atashtakiwa. Subiri kidogo, mama." Akasubiri, mchana mzima. Siku ya pili alishindwa, akaenda kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Akaulizwa jina la boti, namba ya usajili, na bandari iliyotokea. Hakujua hata kimoja. Akaambiwa, kwa upole kabisa, hakuna rekodi ya boti kama hiyo kuondoka.

Na aliyemjibu alisema kweli. Kwenye karatasi hatukuwa tumeondoka, tungepoteaje?

Hapa Mtongwe hatuhitaji kukumbushwa maana ya msiba wa majini. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko kilizama hapa hapa, watu 272 wakafa karibu kabisa na ardhi, mbele ya macho ya waliokuwa wakingoja zamu yao. Angalau wale kila mtu alijua wako wapi. Matanga ya waliopotelea baharini hayana siku ya kuanza. Mama wa yule kijana alikaa miaka hajui avae eda ya mwanawe kwa namna gani, na masheikh nao hawakuwa na jibu moja. Najua eda ni ya mume, mniwie radhi, lakini hivyo ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe.

Mtaniuliza, kwa nini watu hawapandi basi? Wanapanda, sana. Lakini mtu akifa Wete asubuhi, huzikwa alasiri. Upitie mpakani Lunga Lunga na Horohoro, ushuke Tanga, ungoje meli, utafika watu wameshatawanyika na kaburi limeshakauka udongo. Kuna harusi, kuna mgonjwa, kuna shamba la mikarafuu la kugawana. Nusu ya majina ya Pemba yana ndugu Mombasa, Vanga au Kilifi. Mpaka ulichorwa juu ya watu ambao tayari walikuwa wanaoana. Wavuvi nao wana dago lao, kambi zao za kuvua ugenini, la miaka na miaka, wanafuata samaki na msimu, hawafuati ramani.

Na kujificha kuna asili yake. Wapemba wa pwani ya Kenya wamezaliwa hapa, wamezaa hapa, wakaishi miongo bila kitambulisho hadi serikali ilipowatambua rasmi kuwa Wakenya mwaka 2023. Nilifurahi, majirani zangu wamo. Lakini fikirini: mtu aliyevua miaka 40 bila karatasi, kila daftari la serikali kwake lilikuwa mtego. Kitambulisho kikitolewa Jumatatu, mazoea ya kuondoka usiku hayaishi Jumanne.

Wako wanaodai dawa ni kukaza kamba tu: doria zaidi, kamata zaidi. Tazameni ndugu zetu wa Komoro. Tangu Ufaransa ilipoweka viza kuingia kisiwa chake cha Mayotte mwaka 1995, watu wa kisiwa cha Anjouan wanavuka usiku kwa boti za faiba wanazoziita kwassa-kwassa. Anjouan hadi Mayotte ni kama kilomita 70 tu, pungufu ya safari yetu ya Wete, na bahari ile imemeza watu ambao hakuna aliyeweza kuwahesabu. Doria zipo, rada zipo. Boti hazikukoma. Zilibadilisha saa na njia, zikaenda kwenye miamba ambako doria haifiki.

Ninachoomba ni kitu kidogo mno, nusu yake ni bei ya kalamu.

Kila diko, yaani pahali pa kuegesha boti, tangu Bandari ya Kale, Likoni na Mtongwe hadi Gazi, Shimoni na Vanga, liwe na daftari moja. Likae kwa wazee wa BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, kwa mtu anayelala pale pale na simu yake haizimwi. Anayeondoka kuvuka anaandika rangi ya boti, mashine gani, watu wangapi, anakwenda wapi, ameondoka saa ngapi, anatarajia kufika saa ngapi, na namba ya simu ya mtu wa nyumbani. Basi. Asiulizwe kitambulisho, asiulizwe mzigo, asiulizwe leseni. Akifika anapiga simu, mstari wake daftarini unakatwa. Ikipita saa sita baada ya muda aliousema, mzee hasubiri ruhusa ya mwenye boti wala ya mtu yeyote, anapiga simu kwenye kituo cha kuratibu uokoaji.

Kituo hicho tunacho, tena hapa hapa Mombasa, tangu 2006, na kimewekwa kwa ajili ya eneo kubwa la bahari kupita mipaka ya Kenya. Walinzi wa Pwani nao wapo tangu 2018. Vyombo vipo, wataalamu wapo. Lakini mtaalamu hawezi kumtafuta mtu ambaye hakuna aliyemwambia kwamba amepotea.

Kisha mseme hadharani, na kwa maandishi, kwamba kilichoandikwa humo hakitatumika kumshtaki mtu. Bila ahadi hiyo msijisumbue hata kununua daftari, litabaki jeupe. Aliyegongwa na gari akifika hospitali hapimwi kwanza kama alilipa nauli.

Najua mtakalosema: mtawapa njia wenye magendo. Wenye magendo hawajiandiki leo, na daftari hili hawataligusa. Watakaojiandika ni huyu kijana wa msumari, mvuvi wa dago, na mama anayewahi maziko. Kazi yenu ya kukagua baharini iendelezeni vile vile. Mkikuta boti ya watu sita imebeba kumi na watano, kamateni, mimi sitakuja kumtetea mtu. Nimeomba tu kwamba anayekagua asiwe ndiye anayeshika kalamu ya kutuokoa.

La redio na jaketi nitalipitia mbio kwa sababu limesemwa sana. Jaketi zigawiwe, lakini nyingi nilizoziona zimegeuzwa mito ya kukalia, sifongo imeshabonyea. Redio ya mkononi ya chaneli 16, ile ya kuitia msaada, ni nzuri karibu na pwani, mbali huko ukiwa umekaa usawa wa maji haifiki mbali. Kinachofaa maji makuu ni kile kifaa cha dharura kinachopeleka ishara kwenye setilaiti, kwa masafa ya megahezi 406, ambacho bei yake mvuvi haiwezi. Basi visiwe vya kununua. Viwekwe viwili vitatu kila diko, mtu aazime kwa kuweka amana, arudishe akirudi, kama tunavyoazima sufuria za harusi. Sufuria zetu zinarudi, tena zimesuguliwa.

Kuna jambo jingine linaniudhi, nalo si lenu, ni la barazani kwetu. Vijana wamekipenda kwenye simu zao kisa cha yule mvuvi, José Salvador Alvarenga, aliyeondoka Mexico Novemba 2012 na boti ya mashine moja, akaokotwa visiwa vya Marshall Januari 2014, hai. Wanakisimulia kama mpira: ameshinda bahari siku 438! Mwenzake aliyekuwa naye ndani ya boti alikufa, hilo hawalisimulii. Wala hawasimulii kwamba alikuwa na redio na aliwahi kumwita bosi wake kabla betri haijaisha, wakatoka kumtafuta, na bado hawakumpata. Mimi huwajibu na mtumbwi wa Fass Boye, Senegal. Ulitoka tarehe 10 Julai 2023 na watu 101. Ulipopatikana karibu na Cape Verde, katikati ya Agosti, walio hai walikuwa 38. Nikisema hivyo baraza hunyamaza, mtu huuliza habari za kahawa.

Na wazee wetu nao wana lao: "Chombo cha kuzama hakina usukani." Methali nzuri, nimeisikia kwenye matanga mengi mno. Inasemwa upesi, kabla mtu hajauliza boti ilikuwa ya nani. Naiheshimu, lakini ile boti yetu haikuzama. Ilielea siku mbili, nyeupe, ina mstari wa buluu, watu sita ndani wanapunga shati, na hakuna aliyekuwa anatazama.

Sikungoja nyinyi. Tangu Ramadhani iliyopita nina kaunta buku karakanani. Anayekuja kwa plagi au pini, namwomba aandike kabla hajaondoka. Safari 31 zimo. Watatu walikataa, mmoja akanitukana. Mara moja boti ilipitiliza muda, nikapiga simu kunakohusika. Nilipokewa vizuri, wala sikuulizwa leseni ya mtu, na nawashukuru kwa hilo. Kumbe jamaa waliishiwa petroli wakajikokota hadi Shimoni, walikuwa wamelala. Niliona aibu kwa dakika mbili, kisha nikaona raha.

Yule wa msumari nilimsafishia kabureta, nikamchujia petroli kwa kitambaa, nikamwekea pini halali na nyingine mbili nikamfungia kwenye kamba shingoni kama hirizi. Aliinama juu ya daftari muda mrefu. Jina aliandika la nusu, namba ya simu akaweka ya dada yake. Aliondoka usiku, kama alivyosema. Siku ya pili baada ya adhuhuri simu ikalia, sauti ya mwanamke: "Wewe ndiye fundi? Nimeambiwa nikwambie ukate mstari."

Mstari wa kwanza kabisa wa daftari lile una jina la yule kijana wa 2007. Boti nyeupe, mstari wa buluu, watu sita, kwenda Pemba. Mama yake alikuja akausoma kwa kidole, akaniuliza mbona pahali pa kufika sijaandika kitu. Nikamwambia pale hupaandika aliyefika.

Nipo karakanani kila siku baada ya alasiri, isipokuwa Ijumaa. Daftari liko rafu ya juu, kando ya kopo la grisi. Njooni mlione kabla hamjaandika lenu.

Ni mimi,
Fundi wa mashine za boti, Mtongwe